Risasi za Orangeburg na habari ya kwanza

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wiki hii, ndugu msikilizaji, natazama mji mmoja wa Marekani ambako njia hiyo ilikuwa ndefu mno.

Mji huo ni Orangeburg, jimbo la South Carolina. Hapo kipo Chuo Kikuu cha Jimbo la South Carolina, chuo cha umma kilichoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watu weusi, ambao hawakuruhusiwa kusoma pamoja na wazungu. Fedha zilitoka kwa serikali, na serikali ilikuwa ya wazungu. Wanafunzi walifundishwa ualimu, kilimo na ufundi, wakatarajiwa kushukuru na kunyamaza.

Hawakunyamaza. Mwaka 1956 waligoma kuingia madarasani. Machi 1960, wao na wenzao wa chuo jirani cha Claflin waliandamana kupinga ubaguzi katika migahawa ya mjini. Walimwagiwa maji ya mipira ya zimamoto katika baridi kali, na karibu 400 wakakamatwa.

Mwaka 1964 Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika sehemu za umma. Lakini hadi Februari 1968, ukumbi mmoja mjini humo, wa mchezo wa kuviringisha tufe zito kuangusha vigingi, bado ulikataa wateja weusi. Wanafunzi wakaenda kuudai mlango. Wakapigwa virungu, wakarudi chuoni.

Usiku wa tarehe 8 Februari waliwasha moto mbele ya chuo chao. Askari wa doria wa jimbo wakafyatua bunduki. Samuel Hammond na Henry Smith, wanafunzi wa chuo, waliuawa, pamoja na Delano Middleton, kijana wa sekondari. Wengine wapatao 28 walijeruhiwa.

Hapa ndipo inapotuhusu sisi wa kalamu na kipaza sauti. Habari ya kwanza iliyosambazwa na shirika la AP ilisema pande mbili zilirushiana risasi. Ushahidi kwamba wanafunzi walifyatua hata risasi moja haukupatikana. Mwandishi Jack Nelson alikwenda hospitali, akaangalia rekodi za majeruhi: wengi walipigwa kwa nyuma, hata kwenye nyayo. Mtu anayeshambulia hapigwi risasi ya unyayo. Mwaka 1970 yeye na Jack Bass walitoa kitabu juu ya mauaji hayo, lakini habari ya kwanza ilikwisha kuota mizizi.

Askari tisa walishtakiwa, na mwaka 1969 wote wakaachiwa. Aliyefungwa ni mwanaharakati Cleveland Sellers, ambaye mwenyewe alijeruhiwa usiku ule. Alitumikia miezi saba kwa kosa la ghasia, akasamehewa mwaka 1993. Gavana wa jimbo aliomba radhi mwaka 2003, miaka 35 baada ya mazishi.

Chuo hakikungoja radhi hiyo. Ukumbi wake wa michezo ulipewa majina ya vijana wale watatu. Vizazi vya wanafunzi vimeshangilia mpira wa kikapu humo, na kila anayetaja ukumbi huo huwataja Smith, Hammond na Middleton.

Sisi watangazaji hupenda kuwa wa kwanza hewani. Kabla ya kuwasha kipaza sauti, tujiulize kama kuna aliyefika hospitali.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa.