Kava na Mkanda Wake: Mahaba katika Biashara ya Sinema, kutoka Luanshya hadi Kyela

Kyela inasifika kwa mchele na kakao, na kwa joto la bonde lililo mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Kwa sinema haijasifika. Anayetaka kujua filamu ziliwafikiaje watu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na kwa chambo gani, hana budi kuanzia mbali na ziwa, kwenye migodi. Enzi za ukoloni vijana wa Kinyakyusa walikwenda kutafuta kazi kwenye dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Wengine walivuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wakafika Rand, Afrika Kusini. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alichapisha utafiti juu ya safari hizo mwaka 1957. Waliporudi, mizigo yao ilikuwa na blanketi, nguo na baiskeli. Vichwani mwao kulikuwa na mengine.

Katika kambi za shaba, kama ile ya Luanshya, sinema ilionyeshwa uwanjani kila wiki na watu walijaa pomoni. Nyingi zilikuwa filamu za Kimarekani za wapanda farasi, na steringi, hata akiwa nani, waliomtazama walimwita Jeke. Hortense Powdermaker, aliyefanya utafiti Luanshya mwaka 1953 na 1954 na kuuchapa katika kitabu chake Copper Town mwaka 1962, aliwakuta watazamaji wakipiga kelele, wakishangilia ngumi na kubishana juu ya kila walichokiona. Lakini filamu hizo zilikuwa zimekwisha pitiwa na mkasi. Wakaguzi wa kikoloni waliwazuilia Waafrika matukio ya mapenzi na picha za wanawake wenye nguo chache, hasa wanawake wa Kizungu. Hofu ilikuwa kwamba mchimbaji akimwona Mzungu akibusiwa au akioga, heshima ya mtawala ingeporomoka. Tanganyika nayo ilikuwa na utaratibu wa aina hiyo: filamu moja iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu na Wahindi, ikakatazwa kwa Mwafrika.

Ajabu ni kwamba wakati huohuo mwili wa Mwafrika ulikuwa bidhaa. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ya Hollywood ilimleta mwongozaji W. S. Van Dyke Afrika Mashariki kupiga picha za Trader Horn, filamu iliyotoka mwaka 1931 na kushindania tuzo ya Oscar ya filamu bora. Msafara wake ulipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Harry Carey alikuwa mfanyabiashara Horn, Mkenya Mutia Omoolu alikuwa mbeba bunduki wake, na Edwina Booth alikuwa Nina, binti wa mmisionari aliyetekwa utotoni akakua na kuabudiwa kama mungu wa kike. Nina hakuvaa cha maana zaidi ya nywele zake ndefu za dhahabu na vipande vya nguo, na ndiye aliyewekwa mbele katika kuinadi filamu. Wanawake wa Kiafrika waliomo ndani walionyeshwa vifua wazi, na wakaguzi wa Marekani hawakushtuka. Mzungu akiwa hivyo ilikuwa aibu. Mwafrika akiwa hivyo ilikuwa elimu. Booth aliugua sana baada ya safari hiyo, akaishtaki kampuni, na shauri likamalizwa nje ya mahakama.

Kisingizio cha elimu kilikuwa kimetangulia hata kwenye fukwe za Nyasa. Daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka nchi ya Konde, jina ambalo Wajerumani waliwaitia Wanyakyusa, na mwaka 1906 akachapa kitabu kinene juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma pamoja na juzuu ya picha. Watu walisimamishwa mbele ya kamera wakapigwa kwa mbele na kwa ubavu. Sina shaka daktari alidhani anafanya sayansi. Msomaji wa Berlin aliyeifunua juzuu hiyo sebuleni kwake huenda hakuwa akitafuta sayansi peke yake.

Nyumbani kwenyewe, mahaba yalikuwa na sheria zake, na sheria hizo zilikuwa kali kuliko za wakaguzi wa Kiingereza. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika Good Company, kitabu cha mwaka 1951, jinsi wavulana walivyotoka kwa wazazi na kuanzisha kijiji chao wenyewe, rika moja pamoja. Sababu mojawapo ilikuwa kutenga mambo ya unyumba ya wazazi na ya watoto wao. Mkamwana alimwepuka baba mkwe kabisa: hakumtazama, hakutamka jina lake, akikutana naye njiani alijificha au alipinda njia. Ukiweka sinema ya mapenzi katikati ya jamii ya namna hiyo, swali la kwanza halihusu kinachoonyeshwa. Linahusu nani ameketi karibu na nani.

Pwani walipata jibu lao kupitia Bombay. Laura Fair, katika kitabu chake cha historia ya sinema Tanzania kilichotoka mwaka 2018, anaonyesha jinsi filamu za Kihindi zilivyowateka Wazanzibari wa miaka ya 1950, na Awaara ya Raj Kapoor na Nargis, ya mwaka 1951, ikiwa juu ya zote. Wanawake walikwenda, familia zilikwenda, watu walitoka wakiimba. Awaara ina Nargis akiwa na vazi la kuogelea, jambo la kuthubutu kwa wakati ule, lakini kilichouza ni wimbo na kilio. Busu lilikuwa limekwisha toweka kwenye filamu za Bombay, na watengenezaji walijua kulifidia: maua yanagusana, wimbo unaanza, mvua inanyesha. Katika Shree 420 ya mwaka 1955 Raj na Nargis wanasimama chini ya mwavuli mmoja, na tukio hilo lina joto kuliko filamu nyingi zenye vitanda. Baadaye mvua ikawa hila ya kulowesha sari, hadi ilipofika mwaka 1978 Raj Kapoor alikuwa akiiuza Satyam Shivam Sundaram kwa umbo la Zeenat Aman waziwazi, huku jina la filamu likizungumzia ukweli, uungu na uzuri. (Kyela mvua ni jambo jingine. Inyeshapo kwa nguvu, Mto Kiwira na Mto Songwe hufurika, na hakuna anayefikiria kuimba.)

Uhuru haukulegeza kamba. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vilipigwa vita mitaani Dar es Salaam. Mashindano ya urembo nayo yalizimwa. Ng'ambo ya Mto Songwe, ulio mpaka, mambo yalikuwa makali zaidi: Malawi ya Rais Kamuzu Banda ilipitisha sheria ya udhibiti wa burudani mwaka 1968, kisha mwaka 1973 ikaweka sheria ya mavazi iliyowakataza wanawake kuvaa suruali na sketi fupi. Mwanamke aliyevuka mpaka alilazimika kuteremsha nguo chini ya magoti kabla ya kukanyaga upande wa pili. Watu wa Kasumulu, pale mpakani, waliishi kati ya serikali mbili zilizopimana kwa mengi na kutofautiana kwa mengi, lakini juu ya magoti ya wanawake zilikuwa kitu kimoja.

Sinema ikapita katikati ya hayo yote. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliyoundwa mwaka 1968, ndiyo iliyokuja kushika uingizaji wa filamu kutoka nje. Iliweza kutengeneza Fimbo ya Mnyonge ya kunadi vijiji vya ujamaa, na pesa yenyewe ikatoka kwenye filamu za Kihindi, za kareti na za James Bond. Bond alikuwa amekwisha weka kanuni yake tangu Dr. No ya mwaka 1962, Ursula Andress alipotoka baharini na bikini nyeupe: kila filamu iliyofuata ilihitaji msichana mpya, na msichana huyo alihitaji kuwa kwenye bango. Mwaka 1976 Bunge lilipitisha Sheria Na. 4 ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, ikaweka bodi ya ukaguzi. Bodi ilikaa ikatazama mkanda. Bango lilikuwa nje, juani, likifanya kazi yake.

Hapo ndipo penye kiini cha biashara hii, na ndipo wakaguzi wa kila zama walipopitwa. Kinachouza hakikai ndani ya filamu. Kinakaa kwenye picha ya nje, kwenye jina, na kwenye mdomo wa anayenadi. Ukikata busu ndani ya mkanda, mchoraji atalirudisha kwenye bango.

Video ndiyo iliyolithibitisha hilo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa nayo ya rangi tangu mwaka 1973, kwa hiyo deki ya video na jenereta zilikuta watu wana njaa. Vibanda vikazuka kila penye soko: mabanzi au matofali, mabenchi, televisheni moja juu ya meza, na nje ubao wenye majina ya filamu za siku kwa chaki. Watu wakaviita vibanda umiza, na aliyewahi kubanwa humo saa nane mchana kwenye mji wa joto haulizi kwa nini. Makava ya mikanda yalibandikwa mlangoni: bunduki upande mmoja, paja upande mwingine. Ndani, mara nyingi, paja halikuonekana kabisa, au lilipita kwa nukta chache kati ya milipuko miwili. Pia kulikuwa na mikanda ya X iliyoonyeshwa usiku kwa kificho, na polisi walivamia kwa sababu yake, lakini hiyo haikuhitaji kava.

Lugha ilikuwa kikwazo, na kikwazo hicho kikazaa sanaa. Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kwanza mbele ya watazamaji wa Dar es Salaam, kisha kwenye kanda zilizosambaa mikoani. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings ameandika juu ya sanaa hiyo, pamoja na jinsi Titanic ya mwaka 1997 ilivyopita kwenye ulimi wa Lufufu. Msimuliaji hakutafsiri tu. Alitania, aliongeza, alimkaripia mhusika, alimweleza kijana wa benchi la nyuma kwa nini yule binti amekubali kuchorwa bila nguo. Kwa watu waliolelewa kuepuka kutaja mambo fulani mbele ya watu fulani, sauti ya mtu wa tatu ilikuwa msaada mkubwa: aliyasema yeye, nyie mkacheka.

Mwaka huohuo wa 1994 ulioleta televisheni Bara ulirudisha pia Miss Tanzania, na njia ya kutoka jukwaa la warembo hadi kwenye kava ikaanza kufunguka taratibu. Girlfriend ya George Tyson, mwaka 2003, ilichanganya mapenzi na wasanii wa Bongo Fleva, ikaonyesha kwamba filamu ya Kiswahili yenye nyuso zinazojulikana inalipa. Ndipo waigizaji Steven Kanumba na Vincent Kigosi, maarufu kama Ray, walipotawala. Wema Sepetu, Miss Tanzania wa mwaka 2006, aliingia kwenye filamu na Kanumba katika A Point of No Return. Irene Uwoya naye alitokea kwenye mashindano ya mwaka huohuo. Majina ya filamu yaligeuka Kiingereza hata pale ambapo mazungumzo yote yalikuwa Kiswahili, na kava likawa na sura ya kudumu: mwanamume katikati, mwanamke kila upande, mmoja na gauni jekundu, mmoja analia.

Aliyenunua diski hiyo kwa kutarajia ashiki alipata kitu kingine. Alipata saa mbili za mama mkwe, ugonjwa, mganga, urithi, na msamaha hospitalini, na kwa kawaida sehemu ya pili ilihitaji diski nyingine. Wakosoaji walilalamikia nguo fupi za waigizaji. Mimi naona walalamikie zaidi nguo hizo zilivyokuwa hazina kazi kwenye hadithi. Bongo Movie ilinadi mwili na kuuza mafundisho. Pengine ndiyo maana mama wa nyumbani, ambaye hakukanyaga kibanda umiza hata siku moja, aliinunua. Kanumba alipofariki Aprili 2012, maelfu waliomuaga Dar es Salaam walikuwa na wanawake wengi sana, na hawakuwa wakimlilia kifua chake.

Basi la kutoka Dar es Salaam kuelekea kusini lilikuwa sinema ya aina yake. Safari ni ya kutwa nzima, televisheni iko mbele, konda ndiye mkaguzi. Abiria ni mchanganyiko ambao kijiji cha rika kilibuniwa kuuzuia: mzee na wanawe, mkamwana na mkwewe, mchungaji na wanafunzi. Tukio la kitandani likianza, kila mtu anakumbuka kwamba Uyole, Mbeya, haiko mbali na kuna mandhari nzuri dirishani. Kondakta mwenye busara huruka mbele. Asiye na busara huambiwa na bibi wa kiti cha tatu, kwa sauti, naye huruka.

Leo vibanda vilivyobaki vinategemea mpira zaidi kuliko filamu, na mafundi wa simu huwawekea watu filamu kwenye memori kadi kwa bei ya chini kuliko soda. Bodi ilibadilishwa jina mwaka 2019, ikawa Bodi ya Filamu, neno ukaguzi likaondoka kwenye kibao. Waigizaji wengi wamehamia YouTube na tamthilia za vipande, ambako kava limekuwa picha ndogo ya kubonyeza, na kanuni yake haijabadilika tangu Edwina Booth: binti, kanga iliyoshikwa kwa mkono mmoja, mlango ulio nusu wazi. Maandishi mekundu juu yake yanaahidi siri ya mchana kweupe. Ukibonyeza unakuta dakika ishirini za ugomvi wa shamba kati ya ndugu wawili, binti anapita mara moja kuchota maji, na mwishoni unaambiwa usubiri sehemu ya nne.