Nyimbo Zilizohifadhiwa katika Nta

Zamani wimbo ulikaa kinywani tu. Mzee alipozikwa, wimbo wake nao ulizikwa, isipokuwa mwingine amekwisha kujifunza.

Katika mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig, alifika Lindi, akaenda hata Masasi na Newala, naye alichukua mashine iitwayo fonografu. Mwimbaji aliimba mbele ya pembe ya mashine, na sindano ikachora sauti yake juu ya nta. Nafasi ilikuwa ya dakika chache tu, basi wimbo mrefu ulikatwa. Tena nta ni laini. Kila ilipopigwa, sauti ilipungua. Kwa sababu hiyo hazina ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, ilitengeneza kalibu za shaba, ili nakala zipate kutolewa.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay, akaimba kwa Kiswahili katika santuri. Hizo ziliuzwa, watu wakazisikia. Lakini zile za nta zilikaa Ulaya, mbali na wajukuu wa waimbaji.

Sisi wa Tunduma na Mbozi tujifunze neno hapa. Wazee wetu Wanyiha na Wanyamwanga wangali na nyimbo za kulima, za harusi na za msiba, na leo simu ya mkononi yatosha kuzishika. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi andika pia jina la mwimbaji, mahali na mwaka, ili wajukuu wajue sauti ile ni ya nani.