Nyumba Zetu na Hati Zake



Mwaka 1962, muda mfupi baada ya Uhuru, Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 yalitaifishwa. Ikafuata Benki ya Nyumba, ambayo ilifungwa mwaka 1995.

Hayo yote yaligusa zaidi miji. Huku kijijini tulijenga wenyewe: tofali za kuchoma, bati lililonunuliwa kidogo kidogo kwa mishahara ya mjini, na mipaka tukaiachia minyaa na kumbukumbu za wazee.

Wazee hao wanatutoka mmoja mmoja, na misiba mingine huacha ugomvi wa kiwanja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatupa dawa: hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo mume na mke wanaweza kuandikishwa pamoja. Lakini hati haipatikani mpaka mipaka ijulikane na majirani waikubali.

Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ni ya upimaji. Tuchangie sasa, wazee wetu wangali na nguvu za kutembea nasi mpaka kwenye minyaa.