George Washington na Nyumba Mbili za Ukoo Wake

Wasikilizaji wetu, wahenga walinena, "Mwacha asili ni mtumwa." Leo nataka tuipime methali hii kwa habari za bwana mmoja mwenye mashamba, George Washington wa Virginia. Wengi humjua kuwa jemadari wa vita na rais wa kwanza wa Marekani. Mimi sitanena sana juu ya vita vyake. Nitanena juu ya nyumba ya babu zake, na nyumba yake mwenyewe, na watu waliomlimia mashamba yake.

Nyumba ya kwanza iko Uingereza, katika kijiji cha Sulgrave, jimbo la Northamptonshire. Aliyeijenga ni Lawrence Washington, mfanyi biashara ya sufu, aliyepata kuwa mkuu wa mji wa Northampton mara mbili. Mwaka 1539, baada ya Mfalme Henry VIII kuzivunja nyumba za watawa na kutwaa ardhi zao, Lawrence alinunua ile ya Sulgrave, akajenga nyumba ya mawe. Alama ya ukoo wake ilikuwa mistari miwili na nyota tatu juu yake.

Lakini mali haikai mahali pamoja. Kitukuu chake, aliyeitwa Lawrence vilevile, alikuwa padre katika kijiji cha Purleigh. Mwaka 1643, Mfalme na Bunge walipokuwa wakipigana, watu wa Bunge walimwondoa katika kazi yake, wakimshtaki kuwa mlevi. Alipokufa, wanawe hawakupata urithi wa maana. Ndipo mmoja wao, John, akaingia baharini kutafuta riziki. Mwaka 1657 merikebu yake ilikwama katika mto Potomac, huko Virginia, nayo imepakiwa tumbako. John akabaki huko, akaoa binti wa tajiri mmoja, na mkwewe akawapa ekari 700. Hata baadaye akapata sehemu ya ardhi nyingine kando ya mto ule ule, katika nchi ambayo wenyeji wa asili walikuwa wameikalia tangu zamani. Huyo John ndiye baba wa babu yake George.

Katika ardhi hiyo ndipo ilipo nyumba ya pili, iitwayo Mount Vernon. George alizaliwa mwaka 1732, akafiwa na baba yake akiwa na umri wa miaka 11. Katika urithi wake yalikuwamo shamba moja na watumwa 10. Tazameni jambo hili, wasikilizaji: mtoto aliyekuwa bado wa kutumwa dukani amekwisha kuwa bwana wa watu wazima. Alijifunza kazi ya kupima ardhi, na kwa mshahara wake akaanza kununua mashamba. Mount Vernon ilikuwa ya kaka yake kwa baba. Ikawa mali yake kamili mwaka 1761.

George alikuwa mkulima mwenye bidii. Wakulima wa Virginia walipanda tumbako mwaka hata mwaka, hata udongo ukachoka, nao wakazama katika madeni ya wafanyi biashara wa London. Yeye aliacha tumbako akapanda ngano, akabadilisha mazao shamba kwa shamba, akatia samadi, akajenga kinu cha kusagia. Hata mwisho wa maisha yake mashamba ya Mount Vernon yalikuwa matano, na ukubwa wake karibu ekari 8,000. Nyumba aliipanua mara mbili. Nayo ni ya mbao. Walakini mbao zilichongwa, zikapakwa rangi na kurushiwa mchanga, zipate kufanana na mawe.

Alipokuwa rais, mjuzi mmoja wa nasaba huko London, Sir Isaac Heard, alimwandikia kumwuliza habari za ukoo wake. Mwaka 1792 Washington alijibu kwamba mambo hayo hakuyaangalia sana. Alijua tu kuwa babu zake walitoka upande wa kaskazini ya Uingereza, Sulgrave hakuitaja. Basi huyu alikuwa ameiacha asili yake kweli, wala hakuwa mtumwa. Alikuwa bwana.

Sasa na tuwatazame waliokuwa watumwa. Mmoja wao aliitwa Harry, mzaliwa wa Afrika, aliyenunuliwa mwaka 1763, akafanya kazi katika banda la farasi. Mwaka 1776, Washington alipokuwa akiongoza vita vya kudai uhuru wa nchi yake, Harry alikimbilia upande wa Waingereza, kwa kuwa wao waliwaahidi uhuru watumwa wa maadui zao. Mwaka 1783 akapelekwa Nova Scotia, na mwaka 1792 akavuka bahari pamoja na wenzake, akarudi Afrika, katika nchi ya Sierra Leone. Huko, mwaka 1800, alihukumiwa kuhamishwa kwa sababu alikuwa miongoni mwa walioipinga serikali ya kampuni iliyowatoza kodi ya ardhi. Jina lake katika vitabu ni Harry Washington.

Washington mwenyewe alikufa tarehe 14 Desemba 1799. Mount Vernon siku hizo walikuwako watumwa 317. Katika wasia wake, alioandika kwa mkono wake, aliamuru watumwa wake wapate uhuru mkewe Martha atakapokufa. Wazee walishwe na kuvikwa, na watoto wasio na wazazi wafundishwe kusoma na kazi ya mikono. Mtumishi wake William Lee alipewa uhuru mara moja. Martha hakungoja, aliwaacha huru tarehe 1 Januari 1801. Lakini waliokuwa mali ya Washington ni 123 tu. Wengi wa waliosalia walikuwa wa urithi wa mume wa kwanza wa Martha, na kwa sheria hapana aliyeweza kuwafungua. Nao walikuwa wameoana na wale wengine. Basi mume alipata uhuru, mke akabaki. Na Martha alipokufa mwaka 1802, waliobaki waligawanywa kwa wajukuu wake.

Nyumba zote mbili zinatunzwa. Mount Vernon ilinunuliwa mwaka 1858 na chama cha wanawake. Sulgrave ilinunuliwa mwaka 1914, kuwa ukumbusho wa miaka 100 ya amani kati ya Uingereza na Marekani. Wageni huonyeshwa vyumba na alama za ukoo. Karibu na kaburi la Washington yako makaburi ya watumwa, wala hayana majina juu yake.

Methali yetu yanena juu ya mtu aachaye asili kwa hiari yake. Washington aliiacha, na wataalamu wakamtafutia mpaka wakaipata, kwa kuwa babu zake waliandikwa katika hati za mashamba na za kanisa. Wale wa makaburi yale hawakuiacha. Walinyang'anywa, na walioandika majina yao waliyaandika katika hesabu ya mali. Kwa hiyo, ewe msikilizaji uliye na wazee nyumbani, waulize majina ya babu zao, ukayaandike.