Chazo: samaki aliyevua kasa bila ndoana

Mvuvi hurudi pwani na kasa mkubwa, wala hana ndoana, wavu au chusa. Mnyama huyo amekamatwa na samaki mwingine aliye hai. Katika mwambao wa Afrika Mashariki samaki huyo huitwa chazo.

Chazo ni samaki mwembamba anayeweza kufikia urefu wa mita 1. Juu ya kichwa chake pana bamba lenye umbo la yai refu, ambalo wataalamu wanasema ni pezi la mgongoni lililobadilika. Kwa bamba hilo hujigandisha kwenye papa, nyangumi au kasa, akasafiri bila nauli.

Wavuvi waliigeuza tabia hiyo kuwa chombo cha kazi. Chazo alifungwa kamba mkiani, akapelekwa baharini akiwa hai. Kasa alipoonekana, chazo aliachiliwa, naye akaenda kujibandika kwenye gamba. Hapo ndipo ilipo siri ya uvuvi huu: chazo akivutwa kwa nyuma, vibamba vya kichwani hushika zaidi. Ili abanduke, sharti asukumwe mbele. Kwa hiyo, kadiri kasa alivyokimbia na mvuvi alivyovuta, ndivyo chazo alivyozidi kung'ang'ania.

Kutoka Cuba hadi Zanzibar

Habari za uvuvi huo zilifika Ulaya baada ya safari ya pili ya Christopher Columbus. Mwaka 1494, katika visiwa vya kusini mwa Cuba, mabaharia wake waliwaona wenyeji wakivua kwa njia hiyo. Baadhi ya wasomi waliichukulia habari hiyo kuwa hekaya ya wasafiri.

Hata hivyo, ushahidi uliendelea kujitokeza mbali na Cuba. Mfaransa Philibert Commerson, aliyefariki mwaka 1773, aliacha maelezo ya uvuvi kama huo katika pwani ya Msumbiji. Mwaka 1884, Frederic Holmwood, mwanadiplomasia wa Uingereza aliyefanya kazi Zanzibar, aliueleza uvuvi wa chazo wa Afrika Mashariki katika jarida la Jumuiya ya Elimu ya Wanyama ya London. Wenyeji wa mlangobahari wa Torres, kaskazini mwa Australia, nao waliujua. Huko kasa mkubwa hakuvutwa kwa nguvu. Kamba ilimwongoza mpigambizi hadi alipo mnyama, akamfunga.

Mwaka 1919 Mmarekani E. W. Gudger alizikusanya habari hizo pamoja, akaonyesha kwamba haikuwa hekaya hata kidogo.

Gamba lenye thamani

Sababu ya juhudi zote hizo haikuwa nyama peke yake. Gamba la ng'amba lilikuwa bidhaa ya pwani hii tangu enzi za Rhapta. Kitabu cha mabaharia cha Kiyunani cha karne ya 1 kinalitaja miongoni mwa mauzo ya bandari hiyo.

Biashara hiyo ndiyo iliyochangia kumponza ng'amba, ambaye sasa yumo hatarini kabisa kutoweka. Mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Washington mwaka 1973 umepiga marufuku biashara ya kasa wa baharini, na sheria za Kenya na Tanzania zinakataza kuwavua.

Marufuku hiyo ni ya lazima. Lakini kasa asipovuliwa, maarifa ya chazo nayo hayana pa kutumika. Wazee walioyajua wasipoulizwa mapema, yatabaki katika majarida ya wageni tu.