Usitingishike! Historia ya picha kali, toka Unguja mpaka Tunduma

Tesiti zimekwisha, boom limekata, na mimi na kamera yangu ya mtumba tunaendelea kushinda juani. Kule hosteli wengi mmekuwa mkiniuliza swali lilelile: kwa nini picha ya mtu iliyopigwa nje, mwanga wa kumwaga, bado sura inatoka na ukungu? Jibu la haraka lipo, nitalitoa chini. Ila mimi nasoma historia bwana, siwezi kujibu bila kuanza mbali. Swali hili lina umri wa karibu miaka 190, na sisi watu wa Songwe tumo ndani yake.

Picha za Daguerre zilitangazwa Paris mwaka 1839. Wakati huo mtu akitaka sura yake, alikaa bila kutingishika kwa dakika kadhaa. Mwaka 1840, huko Vienna, Joseph Petzval akabuni lenzi ya kupigia picha za watu iliyoingiza mwanga mwingi kuliko zilizotangulia, na muda ukapungua sana. Hata hivyo studio nyingi ziliendelea kuweka chuma nyuma ya kiti cha kushikilia kisogo cha mteja. Yaani ukali wa picha ulikuwa mzigo wa anayepigwa. Ukipumua vibaya, umeharibu.

Kisha mwaka 1851 Frederick Scott Archer akaleta njia ya kioo kibichi. Picha zilitoka safi ajabu, ila kioo kilipakwa dawa, kikapigiwa na kusafishwa kabla hakijakauka. Sasa fanya hayo kwenye joto la pwani yetu! James Grant alifika Unguja mwaka 1860 pamoja na Speke akiwa na kamera, akapiga picha chache, lakini safari ya bara akaishia kutegemea penseli na rangi. Kumbe mchoro haudai mtu asimame kama mlingoti.

Huku kwetu kusini-magharibi kamera zilikuja na Wajerumani. Wamoravian walianza misheni ya Rungwe mwaka 1891, wakasambaa mpaka Mbozi, na picha za wamisionari wa eneo hili zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani. Alikuwapo pia daktari wa jeshi la kikoloni, Friedrich Fülleborn. Mwaka 1902 alitoa kitabu cha kupima maumbile ya watu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na mwaka 1906 kingine kikubwa juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma. Picha zake nyingi ni kali kweli. Kichwa kwa mbele, kichwa kwa pembeni, kila unywele unauona. Lakini aliyesimama pale hakuitwa ili apate kumbukumbu yake. Aliwekwa kama mfano wa kabila, kama jani linavyobanwa kwenye daftari la bailojia. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba ukali peke yake hautoshi. Lazima tuulize picha ni kali kwa faida ya nani.

Mwaka 1900 Kodak wakatoa Brownie, kisanduku cha dola moja. Hiki kilikuwa hakina fokasi ya kuzungusha. Lenzi ilifungwa sehemu moja, tundu lake dogo, na chochote kilichokuwa umbali wa hatua kadhaa na kuendelea kilitoka vizuri kiasi. Masharti yake yalikuwa mawili: usisogee karibu sana, na jua liwe mgongoni kwa mpigaji. Ndiyo maana kwenye picha nyingi za zamani watu wamekunja macho na wako mbali, miguu yote inaonekana na sehemu kubwa ya uwanja pia. Tunasema wazee walikuwa wanapenda kununa. Jamani, jua lilikuwa linawachoma machoni!

Mjini mambo yalikuwa tofauti. Unguja ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Ndani ya studio fundi alitawala taa, umbali na kiti, kwa hiyo sura zilitoka zimenyooka. Mwaka huohuo wa 1930 ndipo wageni walipoanza kukijua kimondo chetu cha Mbozi, pale kilima cha Marengi. Wenyeji walikuwa wanakijua siku nyingi. Ni kipande cha chuma chenye nikeli, urefu kama mita 3, uzito unakadiriwa tani 16. Tangu hapo kimekuwa studio yetu ya nje isiyo na paa: mgeni akifika lazima asimame pembeni yake apigwe.

Sasa nije Tunduma. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970, ikafika Tunduma mwaka 1973, na yote ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Bibi yangu, anayeishi Mbozi, ana picha moja tu ya marehemu babu, na ilipigwa karibu na behewa miaka hiyo ya mwanzo. Herufi za TAZARA nyuma yake unazisoma zote. Sura ya babu ni kama moshi. Mpiga picha wa mtaani aliyelipwa siku ile alilenga behewa badala ya mtu, basi. Nilipomuuliza bibi kama huyo ndiye babu, alisema, "Ndiye, mjukuu wangu, lakini siye." Wajukuu tuliozaliwa baadaye hatumjui babu yetu kwa sura. Tunalijua behewa.

Nimelinganisha mambo haya mawili kichwani mara nyingi. Wale wa Fülleborn wana sura kali lakini kizazi chao hakijui wako kwenye kitabu gani. Babu ana jina, ukoo na kaburi, sura hana. Ndiyo maana fokasi kwangu si urembo.

Tuendelee. Mwaka 1977 Konica C35 AF ikawa kamera ya kwanza ya kuuzwa kwa wingi iliyojifokasi yenyewe, na mwaka 1985 Minolta 7000 ikaleta kazi hiyo ndani ya kamera kubwa ya kubadili lenzi. Leo hata simu inatafuta uso. Mzigo umehama: zamani aliubeba anayepigwa, halafu mpigaji, sasa tunaiachia mashine. Na mashine haimjui babu yako. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe, mara nyingi hukamata kilicho karibu zaidi au chenye mikwaruzo mingi. Mweke mtu kando ya kimondo uone. Lile chuma lina mashimo na makovu kibao, linavutia fokasi kama sukari na sisimizi.

Haya, jibu la haraka nililoahidi. Ndivyo ninavyofanya mimi wikiendi nikiwa nyumbani.

Kwanza, naiambia kamera itumie nukta moja ya fokasi, na nukta hiyo naiweka kwenye jicho lililo karibu nami. Jicho likiwa kali, mtazamaji anasamehe sikio.

Pili, sifungui tundu la lenzi mpaka mwisho. Kwa lenzi ya mm 50 kwenye kamera zetu hizi za wanaoanza, ukisimama mita 1.5 na kutumia f/1.8, sehemu iliyo kali ni kama sm 6 tu. Mtu akisogea mbele kidogo kucheka, kwisha habari. Ukienda f/5.6 unapata kama sm 20, uso mzima unaingia.

Tatu, kasi ya shata 1/250 au zaidi. Mkono wa binadamu hutetema, na Tunduma malori ya Zambia yakipita hata ardhi inatetema. Mwanga ukipungua, afadhali nipandishe ISO. Chembechembe kwenye picha zinavumilika, sura iliyovutika haivumiliki.

Nne, saa sita mchana namvuta mtu kwenye kivuli cha baraza au mwembe, uso wake ukiangalia mahali peupe. Hakunji macho, na kamera inapata tofauti ya kutosha kuushika uso.

Tano, nafuta lenzi. Vumbi la mpakani halina adabu.

Sita, nikishapiga nakuza picha palepale kwenye kioo cha kamera, naangalia kope. Zikionekana moja moja, tumemaliza. Zisipoonekana, narudia kabla mzee hajaondoka. Wapiga picha wa filamu hawakuwa na bahati hii: picha 36 tu kwenye mkanda, na majibu yanakuja baada ya wiki.

Na la mwisho, ambalo halimo kwenye kitabu cha maelekezo ya kamera: naandika jina. Jina la mtu, kijiji, tarehe, nyuma ya picha kwa kalamu, na kwenye kompyuta pia. Mkoa wetu wenyewe ni mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na kumbukumbu zake nyingi bado ziko kwenye masanduku chini ya vitanda vya bibi zetu. Likizo hii nitakuwa Vwawa na Tunduma. Mwenye mzazi au mzee asiye na picha nzuri anijulishe, nitakuja, silipwi. Chai ya rangi na kiazi kitamu vinatosha.

Narudi kudesa. Alamsiki.