Mti wa Sultani: Tarehe ya Msandali wa Mysore

Wapo wanaodai kwamba sifa ya sandali ya Mysore, kusini mwa India, ni ya Maharaja Krishnaraja Wadiyar wa Nne na waziri wake Visvesvaraya, kwa kuwa kiwanda cha mafuta kilijengwa enzi yao, mwaka 1916. Madai hayo yanaanzia hadithi katikati. Vita vya 1914 vilipofunga njia za bahari, magogo yaliyokuwa yakipelekwa Ulaya kukamuliwa mafuta yalikosa mnunuzi; kiwanda kikakuta mali tele, tena mali ya serikali. Na ilikuwa ya serikali kwa sababu Tipu Sultani, mtawala wa Mysore, mwaka 1792, aliutangaza msandali kuwa mti wa kifalme, usikatwe bila idhini, hata ukiota katika shamba la mtu. Tipu aliuawa Srirangapatna mwaka 1799, Waingereza wakawarudishia akina Wadiyar kiti, na wote hao, maadui zake, wakaishika amri yake. Mwenye kutaka ushahidi wa nani mwasisi, asitafute mwingine.

Watasema sandali iliuzwa karne nyingi kabla ya Tipu. Ni kweli, na mafundi Wagudigar wa Sagara na Soraba, mabingwa wa kuchonga masanduku na sanamu, hawakusubiri amri ya mtu. Lakini kuuza mti ni jambo moja, kuufanya hazina ya dola ni jingine. Mti wenyewe ni wa ajabu: mizizi yake hunyonya mizizi ya majirani, na harufu hukaa katika moyo wa mti, ambao huchukua miongo kukomaa. Mizizi nayo ina mafuta, ndiyo maana mti hung'olewa mzima badala ya kukatwa. Wazee husimulia kwamba nyoka huuzunguka kwa kupenda ubaridi wake.

Pingamizi zito dhidi ya amri hiyo ni hili: mkulima alikuwa mlinzi wa mti usio wake, akiogopa adhabu ukiibwa, basi akaung'oa ungali mche. Wakati huohuo magendo yalishamiri, hata Veerappan, mwizi mashuhuri wa sandali, akawatesa askari msituni kwa miaka mingi mpaka alipouawa mwaka 2004. Hayo siyakatai. Ila Tipu alitawala miaka saba tu baada ya amri yake. Waliofuata walikuwa na karne mbili za kuirekebisha, na jimbo la Karnataka, ambamo Mysore imo leo, halikumtambua mkulima kuwa mwenye msandali wake hadi mwaka 2001.